Isipokuwa

Darasa la jioni, Kaloleni, mwezi wa Julai,
baridi inayopenya hata soksi mbili.
Wanafunzi wangu tisa; mdogo wao ana miaka thelathini na minne.
Nachora Urusi ubaoni, inanitoka kama kiazi,
na kiazi nakikata kwa chaki, hivi, katikati.

Huku, nasema, palikuwa pa mfalme peke yake:
miji ya chumvi, njia za biashara, mashamba yaliyonona.
Kule kukabaki kwa watu wengine wote,
zemshina, kutokana na neno lao la udongo.
Hata mji mkuu aliugawa, mtaa kwa mtaa:
ukivuka barabara kuteka maji
umevuka sheria.

Ragot anacheka puani.
Yeye hulinda lango la uwanja wa gofu, Muthaiga.
"Mwalimu, hiyo si Urusi. Hapo ni kazini kwangu."

Naendelea. Watumishi wa mfalme walivaa nyeusi tupu
na kwenye matandiko ya farasi wakatundika
kichwa cha mbwa, wamnuse msaliti,
na ufagio, wamfagie.

Kemunto ananyoosha mkono.
Amefagia River Road tangu saa kumi alfajiri,
ufagio wake umeegemea mlango wa darasa.
"Ufagio wa kutundikwa haujui kazi," asema.
"Unaofanya kazi hupinda upande mmoja,
kufuata mkono wa mwenye nao.
Hao walibeba picha ya ufagio."

Hilo halimo kwenye mtaala.
Naliandika kwenye kiganja.

Sasa jina la fungu la mfalme: oprichnina.
Kwa lugha yao ya kale, oprich ni "isipokuwa."
Na kabla mfalme hajalitwaa, neno lilikuwa la mjane,
la mke wa mtawala aliyefariki:
yote wagawiwe wana,
isipokuwa hili,
hili ni la kumlisha mama.

Taa ya mrija inapepesa.
"Kumbe alianza kwa kuiba neno," asema Kemunto,
na kutoka ndani ya pakiti tupu ya unga
anatoa barua iliyokunjwa mara nne.

Njiru. Futi thelathini kwa sitini.
Cheti cha hisa cha marehemu, kimepigwa muhuri wa zambarau.
Mawe manne ya mpaka, moja limeng'olewa,
na ukuta wa mtu umeota pale lilipokuwa.
Barua ni ya Kiingereza. Natafsiri kwa sauti,
nakwama kwenye kitenzi:
eneo hilo limetengwa.
Limetengwa na nani? Barua haisemi.
Nimefundisha sarufi miaka kumi na tisa
bila kuona jinsi kauli ya kutendwa
inavyoweza kumficha mtu mzima, na gari lake.

Babu yangu aliiita ardhi ya Taji.
Baba akaiita ya serikali. Mimi nasoma: ya umma.
Foronya tatu, mto mmoja,
na shingo zetu bado zinauma.

"Iliishaje?" anauliza Ragot.
Miaka saba. Kisha mfalme akakataza hata jina lake;
aliyelitaja alichapwa viboko.
"Na mashamba yakarudi?"
Mengine.
"Mengine," anarudia, kama mtu anayehesabu chenji.

Saa mbili, bawabu anatikisa funguo.
Kemunto hawezi kuacha sakafu ilivyo.
Anafagia chini ya ubao, kiwiko chake kikiongoza,
chaki ya mfalme na chaki ya watu
kwenye kizoleo kimoja,
anakung'uta nje, juu ya udongo mweusi
ung'ang'aniao kiatu cha yeyote.

Barua ameniachia.
Kesho sina kipindi mpaka saa tano.
Nitakuwa Ardhi House kabla hawajafungua,
na swali moja tu, la mwanafunzi wa darasa la nne:
mtendaji ni nani?